Folda ya Wote

Epifania mwenyewe ndiye aliyeianzisha hiyo folda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakuna aliyemlazimisha, kiherehere chake tu. Shirika lao la wakulima, pale Mazwi, lilikuwa na anwani moja ya barua pepe, na kila aliyekwenda semina aliiandikisha huko alikokwenda. Bei za maharage, mbegu, hali ya hewa, wauza matrekta, hata kanisa moja la ughaibuni lililokuwa likiwaombea kila asubuhi. Barua ya mfadhili ikija, inazama humo humo. Mkurugenzi wao, Mzee Beda, akawa halali kwa kulalama.

"Hii siyo barua pepe, jamani. Hili ni gulio!"

Basi Epifania akakaa chini. Akaiondoa ofisi kwenye orodha za matangazo zisizo na kazi, na zile zenye maana akazielekeza kwenye folda moja inayoonekana kwenye kompyuta ya kila mfanyakazi. Ujumbe usiosomwa unakaa kwa herufi nene. Mmoja akiufungua, herufi zinakuwa nyembamba kwa wote, na aliyefungua anamwambia anayehusika. Mbona rahisi?

Naye alikuwa na chake alichokisubiri humo. Ulikuwapo udhamini wa shahada ya kilimo, na tangazo lake lilitumwa kwa anwani za mashirika tu, si za watu binafsi. Alishaomba mara mbili akakosa. Safari hii ilikuwa ya mwisho, maana hawachukui aliyevuka miaka thelathini na mitano, na yeye Desemba anavuka. Ofisi nzima ilijua. Scola, binti aliyeajiriwa juzijuzi, alikuwa akimwombea kabisa. Mzee Beda alimsainia barua za utambulisho mara zote mbili, huku akimtania kwamba akirudi na shahada atawakalia kichwani.

Kila asubuhi, kabla hajavua koti kwa ile baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, Epifania alichungulia folda. Herufi nene zikiwapo ni za bei za maharage. Anashusha pumzi, anaendelea na kazi za watu.

Ndipo akapigiwa simu na Klementina, aliyesoma naye chuo, siku hizi yuko kwenye shirika jingine huko Namanyere.

"Mwenzangu, usaili wako lini? Mimi wameniita Jumatatu."

"Usaili gani?"

Klementina akasema polepole, "Epi, usinitanie."

Epifania hakuaga hata. Aliteremka kwenye folda, akateremka tena, na lo! Tangazo hilo hapo, limebanwa kati ya matrekta na mbolea, herufi nyembamba. Limeshafunguliwa na mtu. Maombi yalikuwa yamefungwa wiki tatu nyuma. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Beda.

"Shikamoo, mzee. Tangazo la udhamini nani alilifungua?"

"Marahaba." Mzee Beda akavua miwani, akaifuta kwa shati. Uongo hakusema, kwa hilo apewe haki yake. "Mimi."

"Ukaninyamazia?"

"Mama, kaa kwanza. Miaka mitatu uko masomoni, hizi barua nani ataziangalia? Wenzako unawaona, kufuta ujumbe tu wanakuita wewe. Nikasema, kama Mungu kampangia, ataliona mwenyewe."

"Sasa si ungeliacha na herufi zake nene!"

Sauti ilimtoka mpaka koridoni. Mzee wa watu akatazama meza. "Nilifungua tu, mama. Folda si ya wote?"

Epifania alimtazama yule baba aliyemwamkia kila siku ya Mungu, akamchukia. Alimchukia kwa moyo wote, na akajichukia mwenyewe kwa kujifanya anajua kazi mpaka akawa hawezi kuachiwa aende. Kuacha kazi hawezi, ana watoto shuleni. Kushtaki, atashtaki nini? Kwamba mkurugenzi amesoma barua ya ofisi?

Akarudi kwenye kiti chake. Alitaka kulifuta lile tangazo lisionekane tena machoni pake, kisha hasira ikamgeuza. Kwa nini afiche yeye? Wote walione. Akalibonyeza lirudi kuwa halijasomwa, akalipeleka juu kabisa, na herufi zikanenepa kwenye kompyuta zote za ofisi.

Haikupita muda, chumba cha pili kiti kikaburuzwa. Scola huyo, mbio, anapiga makofi, anacheka kwa furaha ya kweli.

"Dada Epi! Dada Epi jamani, njoo uone! Tangazo lako limetoka!"

Upande wa pili wa korido, Mzee Beda aliinuka akafunga mlango wake.