Mayai ya Chatu Chumba cha Ndani

Kuogopa nyoka Ephrasia alizaliwa nako, halafu Mungu akampa mume kama Othmar. Miaka ile biashara ziliporuhusiwa na kila mtu akajiona tajiri mtarajiwa, Othmar alirudi kijijini Mapera kutoka Songea na mayai kumi na manane ya chatu ndani ya gunia bichi. Bwana mmoja mwenye kibali alikuwa akipeleka chatu wachanga kwa Wazungu, watu wanaofuga nyoka sebuleni kama sisi tunavyofuga paka. Haya, duniani kuna mambo.

Waliyafukia chumba cha ndani, kwenye chungu chenye unga wa mbao uliolowanishwa kidogo, na chungu wakakizungushia maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza na kutoa joto. Kila yai Othmar alilitia alama ya mkaa juu, akamwonya mkewe asije akayageuza kama ya kuku, maana kilichomo kingekufa. Kila asubuhi Ephrasia alichomeka kiwiko kupima joto, vile vile alivyopima maji ya kumwogesha mwanawe Winnie, na kila asubuhi alikichomoa upesi kama aliyegusa kaa la moto. Lakini waliomnyima usingizi hasa ni majirani. Mwaka uliotangulia mzee Tadei alikutwa na nyoka ghalani, wakasema ni wa kutumwa. Nyumba yake ikachomwa moto, akafukuzwa kijijini bila hata jembe. Moto wa namna hiyo hausomi kibali cha mtu.

Mayai yalianza kupasuka Alhamisi, siku ambayo zamu ya kusali jumuiya ilikuwa kwake, na Othmar alikuwa ameshaondoka kwenda Kitai kutafuta gari la kumpelekea bwana yule habari. Kuahirisha? Thubutu! Anayekataa jumuiya ana lake jambo. Akafunika chungu kwa ungo, akashusha pazia la chumba, akaketi papo hapo mbele ya pazia.

Rozari ilipofika tendo la tatu, kitu cha baridi kilimpita kwenye kisigino. Kilikuwa kitoto cha chatu, hata ute wa yai haujakikauka. Watu kumi na wawili walikuwa wamefumba macho. Ephrasia alishusha kitenge, akakikanyaga kichwa, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Kikajizungusha kwenye kifundo cha mguu, kikakaza, kisha kikalegea. Maskini, alikuwa amekilea miezi miwili na nusu. Jasho lilimtiririka mgongoni, na bado kinywa kiliitikia "Maria Mtakatifu" bila kukosea neno.

Sala ikaisha, watu wakatoka nje kuagana. Ephrasia hakuinuka, akasingizia ganzi. Mama Kunigunda, mwenyekiti wa jumuiya, alibaki nyuma. Aliinama taratibu, akainua pindo la kitenge kwa vidole viwili, akatazama, akalishusha. Ephrasia akaanza kueleza haraka haraka kwamba nyoka huyo ameingia tu, si unajua tena msimu wa mvua.

Kunigunda alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, walikosimama wenzake.

"Mama Winnie," alisema kwa sauti ya chini, "nyoka akiingia tu, mtu hupiga kelele."