Anayekwama Huimbiwa

Kilichomkera Orpa kuliko kushindwa ni kutojua. Ndiyo maana alikubali kwenda kwenye kikundi cha wanafunzi wenye hofu cha Mama Libérate, mshauri wao katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Shida zake mwenyewe alizijua. Alitaka kujua mwenzake Prince anaogopa nini.

Walikuwa sita, wale wanaoongoza kila mtihani, na kila Jumamosi walikutana katika darasa tupu. Vichwa vikali, matumbo mabovu. Mmoja hutapika asubuhi ya mtihani, mwingine akisifiwa hutazama sakafu. Orpa yeye hukauka. Akisimama mbele ya watu maneno yote humtoroka. Prince peke yake, mtoto wa Mzee Kayumba mfuga mbuzi, alidai hana lolote.

"Miye siogopake kitu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ninasindikiza bengine tu."

Orpa hakuamini. Asiyeumwa haendi kwa mganga kila wiki.

Tena kulikuwa na jambo. Shule moja ya Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi mjini Mbarara, ilikuwa na nafasi moja ya kusomesha bure. Kwenye orodha walibaki wawili, Orpa na Prince. Usaili ulikuwa Jumatatu.

Jumamosi ile Mama Libérate alimtaka kila mmoja asimame aseme analoliweza vizuri. Watoto wa kanisa hao! Wakageuza zoezi kuwa ushuhuda. Kila mmoja alianza na "Bwana asifiwe", akajishusha mpaka mavumbini, akamaliza kwa kumpa Mungu sifa zote, yeye asijibakizie hata punje.

"Mungu nimemsikia," alisema Mama Libérate. "Sasa nawataka ninyi."

Zamu ya Orpa ikafika. "Mimi ninaweza..." akaanza, akakwama. Papo hapo wenzake wakafanya kama ifanywavyo kanisani kwao mtoa ushuhuda akizidiwa. Wakaanzisha pambio, Prince akiongoza kwa makofi. Mama Libérate akainua mkono.

"Mbona mnaimba, naye anatafuta maneno?"

"Mama, mutu akikwama tunamuimbiaka," alisema Prince. "Asibakie peke yake."

Mama Libérate akaushusha mkono. Wakaimba mpaka Orpa akapata sauti, akasema anaweza hesabu. Aliona raha, akaona haya kwa kuona raha.

Jumatatu, mjini Mbarara, wasaili watatu walimkalisha Orpa mbele ya meza. "Tuambie wewe ni nani."

Swali jepesi, naye akakauka. Msaili mmoja akashika kalamu. Nje, kwenye benchi chini ya dirisha, Prince alikuwa akingoja zamu yake. Orpa alijua kwamba anausikia ukimya huu, na alijua unamfaa nani. Angekuwa yeye pale benchini, angenyamaza.

Pambio likaanza, la puani, kisha makofi mawili. Msaili wa kike akainuka kwenda dirishani.

"Ni mwenzangu," alisema Orpa. "Kwetu mtu akikwama huimbiwa."

Akashtuka. Kumbe alikuwa ameshaanza kusema. Akaendelea, akataja jina lake, kambi yao, hesabu anazozipenda, hata woga wake. Hakuna aliyemcheka.

Alipotoka, Prince alikuwa amesimama mlangoni. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Orpa, miye ninaogopaka kuliko weye."

"Unaogopa nini?"

"Kuingia peke yangu."

Ndiyo hiyo siri aliyoiwinda wiki zote, na sasa hakujua aifanyie nini. Nafasi ilikuwa bado ile ile moja. Mlango ukafungwa nyuma ya Prince. Orpa akakaa kwenye benchi chini ya dirisha, akatega sikio.

Swali lilisikika. Jibu halikuja.

Orpa akavuta pumzi, akaanza kuimba.