Wa Uji na wa Ng'ombe

Landrova ilishakata kona ya mashine ya mpunga pale Chimala, na Kashindye nyuma yake, anakimbia vumbini, kanga mkononi. Wauza mchele wakacheka.

"Mwache, mama, mume wa watu huyo!"

Akazidi kukimbia. Garini alikuwamo Ndugu Liberatus wa Iringa, aliyekuja kupima kama shule ya watoto wadogo kijijini kwa kina Kashindye ina faida. Njia yake ilikuwa nyepesi: kila nyumba amtwae mtoto aliyesoma na nduguye asiyesoma, tumbo moja, chungu kimoja, awalinganishe. Nyumba ambazo watoto wote wamesoma alizipita. Jana akatamka: waliosoma ndio wafupi, ndio wazito wa kusema. Shule haina kitu, ifungwe.

Sasa, nani asiyewajua wafugaji wa Usangu? Mtoto mwenye nguvu hupewa fimbo akafuata ng'ombe. Dhaifu ndiye hupelekwa shule, angalau apate uji. Kashindye naye alimpeleka mwanawe Budeba machungani, na nduguye Shija shule, maana Shija alizaliwa kabla ya siku zake, na hakusimama mpaka mwalimu Regina alipomlisha uji ule. Bila shule angeshamzika.

Lakini Liberatus alipouliza, "Mbona ulimpeleka huyu, si yule?" Kashindye alijibu, "Wote wangu, baba. Wako sawa." Mama gani atasema mbele ya mgeni kwamba mwanawe ni mbovu? Ni kumwitia kifo. Na kila mama alijibu vivyo hivyo.

Ng'ombe wa mnada wakaziba barabara, gari likasimama. Kashindye akaushika mlango.

"Baba, nilidanganya! Shija mgonjwa tangu tumboni. Sisi tuliochagua tulipeleka wabovu watupu!"

"Jana walikuwa sawa."

"Jana niliogopa kumtaja."

"Na leo unaogopa shule kufungwa. Nimwamini mama wa jana au wa leo?"

"Basi rudi ukaone zile nyumba ulizoruka! Wazima wamo, wamesoma!"

"Zile hazina wa kulinganisha naye, mama. Achia mlango."

Hakuachia. Dereva akamtoa vidole kimoja kimoja.

Shule ilifungwa kabla ya masika. Regina alihamishiwa Ilomba, akaolewa huko. Liberatus alipanda cheo. Budeba ana ng'ombe wake mwenyewe. Shija alikufa mwaka wa sabini na sita, watu wakiwa mashambani wanapandikiza mpunga. Kashindye alizaa tena, mtoto wa kike, mzima. Alipokua, binti naye alichunga.