Kipenga cha Madamu Speciosa

Jumamosi asubuhi, madamu Speciosa alipuliza kipenga kuanzisha mechi ya watoto wa Rumonge na wa Magara, na Ziwa Tanganyika likaanza kupiga mawimbi. Kila aliposimamisha mchezo, ziwa nalo lilisimama. Wavuvi walikwisha kumzoea tangu aliporudi kutoka Kigoma, alikojifunza uamuzi wa soka katika kambi ya wakimbizi. Walimwomba tu asikawie kwenye kona, maana mitumbwi haisogei.

Waliokuwa wagumu wa kusikia ni watu.

Mshindi angekwenda Bujumbura kwenye fainali za wasiozidi miaka kumi na minne. Vijana wa Magara hawakuwahi kufika huko, na walikuja nyuma ya gari la ndagala, wakinuka dagaa hao na kuimba. Kisha mshambuliaji wa Rumonge, Seth, akafunga kwa kichwa bila hata kuruka. Akakimbilia ukingoni mwa uwanja kumkumbatia mkewe, Agneta, aliyembeba mtoto wao mgongoni.

Speciosa akapuliza. Mawimbi yakasimama wima, na samaki mmoja, mukeke, aliyekuwa akiruka akabaki hewani. Akalifuta bao, akamwonyesha Seth kadi nyekundu. Seth hakutoka. Leonidasi, prezida wa timu ya Rumonge, akaingia na kiti chake cha plastiki, akaketi katikati ya uwanja.

"Amahoro, madamu. Iko shida gani?"

"Mzee, huyu ni mume wa mtu. Haya ni mashindano ya watoto."

"Uyu ni mutoto wetu. Mama yake iko pale, muulize kama hakumuzaa."

Mama akasimama, akathibitisha kuwa alimzaa mwenyewe, tena kwa uchungu mwingi. Watu wakampigia makofi. Speciosa alisema sheria inataja miaka. Leonidasi akajibu kwamba sheria inasema watoto, na hakuna aliyewahi kuacha kuwa mtoto wa mama yake. Komite ya mashindano, yaani Leonidasi na shemeji zake, ikaafiki palepale. Bao likarudishwa.

Speciosa alipuliza tena mpaka machozi yakamtoka. Minibasi zikazima barabarani, na mawese yakasita kati ya pipa na kidumu. Ziwa zima lilimtii, na mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki alikuwa akikunja nne.

Wavuvi wakapaza sauti kwa adabu: "Madamu, tunaomba. Samaki wanaoza."

Kipenga ni kimoja tu. Hakuweza kuliachia ziwa bila kuuachia mchezo. Akapuliza, mukeke akadondoka majini, na bao likabaki bao. Baada ya mechi Seth alipanda gari la Bujumbura, akampungia mwanawe mkono. Vijana wa Magara walirudi kwao bila kuimba.

Leonidasi alimletea Speciosa fanta.

"Murakoze kwa kazi, madamu. Kuanzia juma ijayo utakuwa kule bandarini, utulize mawimbi boti zipakie mawese. Kule wanakusikia."

"Na watoto wataamuliwa na nani?"

"Seth, akirudi. Ile kazi ya watoto inataka mutu muzima."