Mafuta Kwenye Reli za Chini

Treni ilishuka, haikupanda. Shida yenyewe ilikuwa hiyo.

Seremala alikuwa amejaza chumba kizima meza ya treni za kuchezea: stesheni, daraja, milima ya karatasi na gundi. Chini ya meza alificha yadi, sanduku refu la plaiwudi ambamo treni zingelala bila kuonekana, kisha zitokeze juu kama zimetoka mji wa mbali. Kilichounganisha juu na chini ni ubao uliojizungusha ndani ya mlima kama ngazi ya mnara. Kushuka, treni iliteleza vizuri. Kupanda, ilifika nusu, magurudumu yakazunguka bure, ikarudi kinyumenyume.

Na chumba hakikuwa chake. Kilikuwa cha cherehani ya mkewe, aliyekitoa kwa sharti moja.

"Nikiona mdudu, hata mmoja, hilo limeza linatoka. Nakujua wewe na makombo yako."

Kwa hiyo seremala hakuthubutu kuingia mle hata na biskuti.

Huko chini hakufika, kitambi hakikumruhusu. Aliyejipenyeza kufunga reli ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwembamba kama ufagio, asiye na kazi maalumu ila maoni. Mtaani wanamwita Mtaalamu.

"Mwinuko ni mkali, shemeji," alisema Mtaalamu kutoka uvunguni. "Upunguze."

Seremala akaubomoa mlima, akakata ubao mwingine mrefu zaidi, Mtaalamu akazirudishia reli zilezile. Treni ikagoma. Akabomoa tena. Ikagoma tena. Mara ya tatu mlima ulilala kiasi kwamba hata kobe angepanda anapiga mluzi.

"Unasikia harufu?" seremala aliuliza.

"Gundi yako hiyo."

Haikuwa harufu ya gundi. Ilikuwa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Lakini seremala alikuwa na hamu ya kumwonyesha mkewe, akamwita.

Mke akasimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. Seremala akawasha. Chini kukakwaruza, kukanyamaza, kukakwaruza tena, kisha kichwa cha treni kikachungulia kwenye tundu la mlima. Kimepanda! Mke akapiga makofi.

Juu ya behewa la kwanza alikuwa amesimama mende, anapunga sharubu kama mkuu wa stesheni. Behewa la pili walikuwa wengi. Magurudumu yaling'aa, na kwenye ule mng'ao zilikuwa zimenasa nywele, mbawa na miguu isiyo na mwenyewe.

Makofi yalikoma. Mke aliziba pua kwa tepu, akaondoka.

Seremala aling'oa ubao wa juu. Yadi yote ilikuwa imepakwa mafuta, yameganda, yameota ukungu kama manyoya ya paka mgonjwa. Mabehewa yalinata humo, na mende walitembea juu yake wanashiba. Alikimbilia ndoo ya vumbi la mbao akatapika.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya kupikia tu, shemeji. Reli zilikuwa zinalialia kwenye kona. Nikazilainisha."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza! Na mimi nabomoa mlima mara tatu, wewe uko hapo chini unaniangalia?"

"Nilikuona unaifurahia kazi." Mtaalamu akalamba kidole, akakifuta kwenye suruali. "Sasa si imepanda?"

Mende, seremala angewavumilia. Mende hawajui. Kilichomchefua zaidi ni lile domo lililokaa kimya uvunguni huku yeye akijilaumu, akipima, akikata, akimwomba samahani mtu huyu kwa kumsumbua.

Hesabu ya hasara yake ni hii. Meza moja, imekatwa vipande vinne ili ipite mlangoni. Milima mitatu. Kichwa kimoja cha treni, mota imelowa mafuta hadi ndani, hakiamki tena. Chumba, cherehani imerudi. Na chakula cha mchana cha kila Jumapili, maana Mtaalamu bado anakuja, anakaa mkabala, anamega mkate kwa vile vidole, na seremala anaisukuma sahani yake pembeni.