Fimbo za Kusakia Mitego

Wacera alifika soko la Muthurwa saa nne asubuhi akiwa na fimbo ya kupandia mlima iliyokatika vipande viwili, na hasira iliyomfanya asijibu salamu ya mtu. Jumamosi iliyopita yeye na kundi lake la kujitolea walikuwa msituni wakisaka na kuondoa mitego ya waya ambayo majangili huwategea paa. Clare, mdogo kuliko wote kwenye kundi, aliteremka korongoni ameegemea fimbo hiyo. Ikakatika. Alianguka juu ya jiwe, akavunjika mkono, na wenzake wakambeba saa tano nzima hadi barabarani.

Mbugua, aliyewauzia fimbo sita za aina hiyo, alikuwa akipanga mabegi kibandani.

"Niaje madam? Umerudia zingine?"

Wacera alivitupa vipande mezani. "Uliniambia hii ni ya mlima. Mlima gani? Ngazi za ploti unayopanga?"

"Hiyo ni kaboni, madam, nyepesi. Ikigongwa na jiwe ikapata ufa, imeisha. Mmezitumia vibaya."

"Vibaya? Msituni kumetandikwa zulia?"

Wacera alinyakua nyingine kibandani, akailaza juu ya kreti mbili, akaikanyaga katikati. Ikalia ka! ikakatika. Watu wakaanza kujaa.

"Wee! Unaniharibia mali!"

"Na mkono wa mtoto wa wenyewe umeharibiwa na nani?"

Shamis, muuza mahema wa kibanda cha pili, akaja na fimbo yake. "Dada, tulia. Hii ni aluminiamu. Ni nzito kidogo, lakini ikizidiwa hupinda kwanza, unapata nafasi ya kujishika. Na urefu wake hufungwa kwa kibano. Zile za kuzungusha zikiingia matope huteleza."

Wacera aliiegemea kwa uzito wake wote. Ikanesa, ikarudi.

"Si za aina hii nilikuonyesha siku ya kwanza?" Mbugua akafoka. "Yule msichana uliyekuja naye alizitaka. Wewe ndiye ulikataa, ukasema nani atabeba chuma siku tatu!"

Wacera aliikumbuka siku ile. Ilikuwa kweli. Tena alikuwa amemkemea Clare mbele ya wateja: wewe umeingia msituni mara ngapi?

"Na wewe ulijua zitavunjika, ukanyamaza," alimwambia Mbugua.

"Mteja akitaka nyepesi, nampa nyepesi."

Wacera alitamani kumrushia vile vipande usoni. Badala yake alinunua sita za Shamis, akaenda nazo moja kwa moja hadi mtaa wa Njiru, kwa kina Clare.

Clare alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kulia umefungwa plasta. Aliziangalia fimbo, kisha akamwangalia yeye.

"Mama Eve," akamwita Wacera kwa jina la mwanawe, "mimi nilikwambia."

"Uliniambia. Nilikosa."

"Ukanikemea kama mtoto. Sasa hizi nitashika na mkono gani?"

Wacera aliziweka fimbo chini mlangoni. Hasira iliyobaki haikuwa na mtu wa kumwangukia ila yeye mwenyewe.

"Nikipona nitarudi msituni," Clare akasema. "Lakini vifaa nitachagua mimi, na hutanipigia kelele."

"Sawa."

"Sema mbele ya wengine pia."

"Nitasema Jumapili, wote wakiwepo."

Clare akavuta fimbo moja moja, akajaribu vibano kwa mkono wa kushoto bila haraka. Ya nne akaisukuma pembeni.

"Hii imelegea. Rudisha."

Wacera aliichukua, akaondoka bila kubisha.