Kipimo Kilichofungiwa Ng'ambo

Wewe uliona. Usiniambie hukuona. Masharti yale marefu yalipotokea kwenye simu yako, uliyateremsha kwa kidole mpaka chini, ukabonyeza "Nakubali", ukarudi kwenye mpira. Na siku jirani yako alipofungiwa mlango, ukageuza uso, ukasema hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Kaa basi nikueleze mlango wenyewe ulikuwa wa nani.

Mimi kompyuta sikuisomea. Nilijifunza kwa kuharibu za watu, hapa Busia, upande wa Uganda. Lakini kumbukumbu ninayo. Nakumbuka pamba ya baba yangu kule Iyolwa. Pamba ikiingia kwenye kinu cha kuichambua, nyuzi zinakwenda zake, na mbegu zinabaki kule kule kwa mwenye kinu. Msimu ukirudi, mzee anakwenda kuomba mbegu zilizotoka kwenye shamba lake mwenyewe, na anayempa ndiye anayemwambia atamuuzia nani. Nikauliza kwa nini tusibaki na zetu kidogo. Nikaambiwa ninyamaze. Sijanyamaza mpaka leo.

Sasa msikilize Florence Abbo, binti wa kijijini Paya, na Marvin Okochi, kijana wa ng'ambo upande wa Kenya. Hao wawili walitengeneza programu ya simu wakaiita Kipimo. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mama anatoka Molo, ile ya huku Uganda, na gunia la mahindi, amelipima kwa kilo. Akivuka, soko linahesabu kwa gorogoro, ule mkebe wa bati. Na kuna madalali wanaogonga kitako cha mkebe kwa nyundo mpaka tumbo linatokeza nje, ili umeze zaidi. Kipimo kilimwambia mama gunia lake litatoa gorogoro ngapi kabla dalali hajafungua mdomo.

Waliiandika kwa msaada wa akili bandia ya kampuni moja ya mbali. Ni msaidizi: unamweleza unachotaka, anakuandikia msimbo wa programu. Lakini huyo msaidizi gorogoro alikuwa haijui hata kwa jina. Wakamfundisha. Soko likifungwa, walikaa kwenye chumba nyuma ya ghala la Proscovia, kiongozi wa akina mama wanaovusha nafaka, wakamweleza jinsi mahindi mabichi yanavyolala kwenye mkebe, na jinsi maharage yanavyoacha nafasi katikati. Akaiva. Na mafundisho yote, pamoja na msimbo wenyewe, yakakaa kwenye ghala la kampuni. Huku kwetu kulibaki nakala moja ya zamani, ya kabla ya vipimo.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa mpakani. Huku kila mtu ana laini mbili za simu. Mtandao wa Kenya unavuka bila kuulizwa kitambulisho, kwa hiyo akaunti waliifungua kwa laini ya Marvin, na Florence akaitumia akiwa Uganda. Hakuna mtu wa Busia ambaye angeona ajabu. Kampuni iliona. Ilibadilisha masharti, ikagawa wateja wake kwa nchi, na mashine zake zikakuta akaunti ya Kenya inatumika Uganda kutwa. Ikaifunga. Marvin alipiga simu, akajibiwa kwa sauti tamu kwamba ni kwa usalama wake. Akaomba apewe mafundisho yao tu, hata bila huyo msaidizi. Akaambiwa hayo hayatolewi. Afungue akaunti nyingine, aanze mwanzo.

Mavuno ya kwanza yalikuwa yanakaribia. Tena simu za akina mama zilikuwa zimejisasisha zenyewe, na Kipimo hakikufunguka kwenye nyingi. Kama kisingetengenezwa kabla mahindi hayajaanza kuvuka, wale akina mama wangerudi kwa dalali mikono mitupu. Dalali mkubwa pale ni Osire, na habari ilimfikia haraka. Alipita mbele ya ghala akiwa anachokonoa meno.

"Mama Prosco, ile nabii yenu ya simu imelala ama imekufa? Kama ni msiba, mniambie nilete sukari."

Proscovia alimpa mgongo. Aliingia ndani akawaambia wale vijana kwamba yeye kucheka kwa Osire kunamuuma kuliko njaa.

Marvin alitaka wanyenyekee. "Tufungue ingine tu, Flo. Hawa ndio wako na msaidizi mkali. Tunaanza upya, iko sawa."

"Halafu wakifunga tena?"

"Sasa utado nini?"

Florence akasema, "Kwetu Paya shamba yako ikizidiwa na majani, unaita watu. Kila mtu anakuja na jembe yake. Jioni jembe anarudi nayo. Hakuna mtu anakwambia ukilima na jembe yangu, shamba inakuwa yangu."

Jumamosi waliitwa watu. Akina mama walikuja na mikebe, mabeseni na nafaka za kujaribia, kanisani wakaachwa wanakwaya wachache wa kufagia. Sharti la Florence lilikuwa hili: mtu asiieleze mashine jambo lolote kabla halijaandikwa kwenye faili ya maandishi ya kawaida, inayosomeka na msaidizi yeyote na binadamu yeyote, na kila kundi la akina mama libaki na nakala. Tukapima tena vyote. Kiswahili kilipokosa neno, tukaandika kwa lugha za kwetu, Kisamia na Kidhopadhola, tukaeleza maana chini yake.

Marvin, ingawa alinuna, alileta modeli huria, akili bandia ambayo walioitengeneza wameiachia kila mtu aichukue na kuiendesha kwenye mashine yake. Kompyuta yetu iliunguruma kama kinu cha unga. Ikaandika polepole, kama karani anayesubiri chai. Lakini iliandika.

Kisha, faili zilipowekwa pamoja, likatokea jambo. Marvin alisoma alichoandika: gorogoro hujazwa mpaka juu pawe kichuguu. Florence akasoma yake: gorogoro hufutwa kwa kijiti, juu pawe sawa. Wakatazamana. Marvin alikuwa ameandika kama mama yake anavyonunua sokoni ng'ambo, Florence kama watu wa Paya wanavyouza. Yule msaidizi wa kampuni walikuwa wamemwambia yote mawili, kila mmoja kwa siku yake, naye, tulivyoona kwenye simu chache ambazo Kipimo kilikuwa bado kinafunguka, alichagua kichuguu bila kumwambia mtu. Kwa hiyo muda wote Kipimo kilikuwa kinampunguzia muuzaji mikebe, maana kichuguu kinameza nafaka zaidi, na hakuna aliyejua, kwa sababu mafundisho hayakuwa mahali pa kusomwa.

Proscovia aliweka beseni chini.

"Kumbe ile mashine yenu nayo ilikuwa dalali."

Watu walicheka, Marvin akainamisha kichwa, kisha akacheka pia. Hapo hapo wakakubaliana programu iulize kwanza: kichuguu au kufuta? Kununa kwa Marvin kukaishia pale. Tangu hapo yeye ndiye aliyegombana na kila aliyetaka kuingiza jambo bila kuliandika.

Kipimo kilifunguka kwenye simu zote kabla ya magunia ya kwanza kuvuka. Nilikuwepo Proscovia alipofika kwa Osire. Osire alichukua mkebe. Proscovia akatazama simu, akamuuliza kwa upole kama leo ni kichuguu au ni kufuta, na kama mkebe huo umewahi kuugua tumbo. Osire akaurudisha mkebe chini ya meza, akatoa mwingine.

Faili zile tuliziweka hadharani mtandaoni. Otai, mchomeaji vyuma wa Malaba ambaye hatukuwa tunamjua, alizichukua akampa msaidizi wa kampuni nyingine kabisa, naye akazielewa. Otai akaongeza vipimo vya makreti ya nyanya, akaturudishia. Kila wiki kuna anayeturudishia kitu.

Kampuni ile ya kwanza nayo ikaandika: rudini, akaunti yenu tumeifungua. Marvin alimwonyesha Florence.

"Waambie karibu," Florence akasema. "Faili ziko wazi, wachukue kama mtu yeyote. Wakikuwa na msaidizi mzuri, tutamtumia. Lakini tunaandika kwetu kwanza."

Basi wewe, usitikise kichwa tu. Msaidizi wako umemfundisha mangapi kuhusu duka lako, shule yako, kliniki yako? Mfungue sasa hivi. Mwamuru akutolee yote kwa maandishi ya kawaida. Yasome, maana hujui amechagua nini nyuma ya mgongo wako. Yaweke kwenye mashine yako, umpe nakala mwenzako wa kazi hiyo hiyo. Na ukikuta hakuna njia ya kuyatoa, anza kuyaandika upya leo, ita watu, waje na yao. Inuka. Ufanye hivyo kabla hujaweka simu hiyo chini.